Udhuru wa Katibu

Katiba ya chama chetu tuliiandika juu ya meza ya maabara, mimi na katibu, tukiwa tumesogeza pembeni darubini na vikopo vya makohozi. Mimi nilikuwa mpimaji katika hospitali moja pale Mbinga. Yeye alikuwa tabibu wa zahanati kule Lundo, ziwani, na kila mwezi alipanda kuja kuchukua dawa. Akishapakia maboksi yake, alikuwa anapita maabara, ananisalimia, anavuta kiti, anatoa karatasi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Vyama vya siasa vilikuwa vimeruhusiwa, mitumba imejaa sokoni, na wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapanda hadi kwenye vijiji vya milimani na magari yao, huku ushirika wetu uko mahututi. Hospitalini mgonjwa alianza kuambiwa anunue kadi, na mara nyingine aje na bomba lake la sindano. Kila mtu alianzisha kitu. Huyu duka la dawa, yule bucha, yule kanisa. Sisi wafanyakazi wa afya, pamoja na mwalimu mmoja wa biolojia, tukaanzisha chama cha kisayansi cha magonjwa ya kuambukiza. Kisicho cha siasa, kisicho cha dini, kisichotafuta faida. Maneno hayo yalikuwa ya katibu, na aliyapenda.

Alikuwa Mnyasa mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, lakini ukimpa kalamu anakuwa mtu mwingine. Hakukubali sentensi inayoweza kusomwa kwa namna mbili. "Dada," alikuwa ananiambia, "katiba ni kama kipimo. Kama mimi nikisoma hivi na wewe ukasoma vile, tumetupa sampuli." Tulibishana kuhusu akidi, kuhusu nani anastahili uanachama, kuhusu mali ya chama itakwenda wapi chama kikifa. Tuliandika kwamba mwanachama hatafukuzwa kabla ya kusikilizwa. Tuliandika kwamba wanachama hawatafichana matokeo ya uchunguzi, kwa sababu kipindupindu kilikuwa kimewahi kupita mwambao mzima huku kila zahanati ikidhani kiko kwake tu.

Rasimu tuliipeleka kwenye mkutano wa waanzilishi, ukumbi wa parokia. Mwenyekiti wa muda, ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa kudumu, alikuwa daktari, mtu wa Umatengoni, mpole wa sauti, aliyesoma nje na kurudi. Nilimheshimu. Wote tulimheshimu. Tulipofika kwenye ibara iliyosema mwanachama akiugua wenzake watamtembelea, alitabasamu.

"Katibu, hiki ni chama cha kisayansi. Vyama vya kufa na kuzikana viko vingi mitaani."

Watu walicheka. Katibu naye alicheka, akaifuta.

Mahali pake mwenyekiti alipendekeza ibara nyingine, maana aliwajua watu wanaoingia kwenye vyama ili majina yao yaonekane, kisha hawaonekani wao. Mwanachama atakayekosa mikutano mitatu mfululizo bila kutoa kwa maandishi udhuru wa kuridhisha, uanachama wake utakoma. Niliuliza, anayetakiwa kuridhika ni nani?

"Kamati, dada," akasema mwenyekiti. "Nani mwingine?"

Ikapita.

Nisiseme uongo, tulikuwa na mwanzo mzuri. Msajili wa vyama alitukubalia baada ya kuturudisha mara kadhaa kwa makosa ya mihuri. Tulikutana, tulisomeana tulichokiona kazini. Muuguzi wa Kingerikiti, mama mmoja mtu mzima, alieleza kuhusu kuhara damu. Siku katibu alipotueleza jinsi alivyowashawishi wavuvi wa kwao kuchimba vyoo kwenye ardhi ya mawe matupu, ukumbi mzima ulipiga makofi, na mwenyekiti alisimama kumshika mkono. Habari zetu zikafika mbali. Wageni wa shirika moja la nje wakaandika kwamba wangependa kuja kutuona.

Katikati ya matumaini hayo katibu alianza kukonda.

Alikuja maabara mchana mmoja, hakuwa na karatasi. Alifunga mlango mwenyewe. Akakunja shati, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Nitoe damu, dada. Unajua ya nini."

Vitendanishi tulikuwa navyo vichache, vya kupimia damu ya kuwaongezea wagonjwa. Nikampima. Alirudi mwezi uliofuata kama mtu aliyefuata dawa zake. Nilimsogezea karatasi ya majibu.

"Umerudia?" akauliza.

"Nimerudia."

Akatikisa kichwa, kama tabibu anayemsikiliza tabibu mwenzake. Akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeona, nikamwambia hakuna. Kisha akaangalia dirishani, ambako wagonjwa walikuwa wamejipanga kwenye ukungu wakiwa wamejifunika mablanketi. "Mke wangu nitamwambia mimi," akasema. "Wewe usimwambie mtu." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akasubiri nimalize ili aweze kufungua mlango.

Mkutano uliofuata hakuja. Alileta karatasi kwa dereva: nimeshindwa kuhudhuria kwa sababu ya homa. Kwa kuwa nilikuwa msaidizi wake, nilikaa mimi kwenye kiti cha katibu nikaandika. Mkutano wa pili, homa tena. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliokuwa wanasomea magonjwa. Walijua homa ya aina gani inamfanya mtu mzima avae koti la mtoto wake. Walitazamana tu, wakapitisha ajenda.

Wiki hiyo mwenyekiti alikuja maabara. Alisimama mlangoni, akauliza hali ya watoto wangu, hali ya shamba, kisha akasema, "Katibu wetu alipima hapa."

"Wanaopima hapa ni wengi, daktari."

"Wageni wanakuja. Watataka kukutana na viongozi. Lazima nijue nitawaambia nini."

"Waambie katibu anaumwa."

Akashusha sauti. "Dada, katiba inasema hatufichani matokeo ya uchunguzi. Wewe mwenyewe uliiandika."

Sikuamini masikio yangu. Nilimwambia ibara ile ilihusu kipindupindu na maji ya visima, haikuhusu damu ya mwenzetu. Akasema ibara haikutaja kipindupindu. Na ni kweli, haikutaja. Nikamwambia kama anataka kunifukuzisha kazi afanye hivyo, lakini kinywa changu hakitafunguka. Akaondoka bila hasira. Katika miaka yote sikumwona akikasirika, na hilo lilikuwa linaniudhi kuliko kama angenifokea.

Mkutano wa tatu karatasi ya homa ilipofika, mwenyekiti aliisoma kwa sauti na kuiuliza kamati kama inaridhika. Homa kila mara? Homa gani? Bwana afya mmoja wa kamati akasema homa peke yake si ugonjwa, ni dalili, na chama cha kisayansi hakiwezi kupokea dalili. Wengine wakaona ni hoja nzuri. Nikasimama nikasema basi kamati imsikilize kwanza mwenyewe, maana katiba inampa haki hiyo, na bila hivyo uamuzi wowote ni batili. Hapo hawakuwa na pa kutokea. Ikapangwa siku.

Mpaka leo sijui kama nilimtendea mema. Nilidhani hawatakuwa na uso wa kumfanyia jambo akiwa mbele yao.

Katibu alipanda na mkewe kwa pikapu ya mfanyabiashara aliyekuwa ameshuka ziwani kununua samaki wakavu, ameketi mbele kati ya dereva na mkewe. Njia ile ya kupitia Tingi wakati huo ilikuwa mashimo na tope, na walilazimika kusimama mara nyingi ili ashuke. Walipofika alikuwa amevaa suti yake ya harusi, imemning'inia. Mkewe alimshika kiwiko hadi mlangoni, kisha akakaa kwenye benchi la nje, maana yeye si mwanachama.

Tulisimama kumsalimia. Wengine walimpa mkono. Wengine walikumbuka kwamba wameshika kitu. Kiti alichokalia kilikuwa kwenye safu, baada ya muda kidogo kikawa peke yake, na wala sikumwona mtu akisogea. Chai ilipopita, alikunywa nusu kikombe. Waliokusanya vyombo waliambiwa na bwana afya wakiache kile. Kikabaki dirishani hadi tulipoondoka. Bwana afya huyu alikuwa ndiye anayezunguka vijijini na kipaza sauti kuwaambia watu kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa vikombe.

Mwenyekiti alieleza kilichotuleta. Katibu akainuka taratibu, ameshika ukingo wa meza.

"Ndugu mwenyekiti, katiba inataka udhuru wa kuridhisha, kwa maandishi. Nimeuandika."

Alinyoosha karatasi. Hakuna aliyeinuka kuipokea, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Kabla sijafika akaanza kuisoma mwenyewe.

"Nimeshindwa kuhudhuria mikutano kwa sababu nina UKIMWI. Nina vidonda mdomoni na ninaharisha, na kutoka Lundo hadi hapa ni mbali kwa mtu anayeharisha. Naomba kamati iridhike. Mimi, katibu wenu."

Kila mmoja wetu alikuwa ameshalitamka neno lile herufi baada ya herufi darasani, kwenye semina, kwenye mikutano ya hadhara. Siku ile ilikuwa kama mtu amevua nguo.

"Hilo halikuwa lazima," mwenyekiti akasema.

"Lilikuwa lazima, daktari. Homa mliikataa."

Mwalimu wa biolojia akainua mkono. Alikuwa kijana mwenye kupenda taratibu. "Kwa mujibu wa katiba," akauliza, "tuseme udhuru huu unaridhisha au hauridhishi?"

Nikasema kwa sauti unaridhisha, kama kuna udhuru duniani unaoridhisha ni huu. Muuguzi wa Kingerikiti akaniunga mkono. Nikaona watu wanaangalia chini, na kwa dakika moja niliamini tumeshinda. Mwenyekiti aligeuza kurasa za katiba. Aligeuza polepole, kwa kidole kilicholoweshwa mate, akasimama kwenye ibara ya mwenendo unaokishushia chama heshima.

"Mwenendo upi?" nikauliza.

"Dada, sisi sote ni watu wazima. Ugonjwa huu hauji na upepo."

Mlango ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa pale pale kwenye benchi, mgongo umetugeukia, na niliona mabega yake yanasimama.

Katibu alikuwa ameshakaa, anapumua kwa mdomo. Mwenyekiti akaitisha kura ya mikono ya kumwondoa chamani. Ya kupinga ilikuwa mikono miwili, wangu na wa muuguzi wa Kingerikiti. Mtawa mmoja, muuguzi, hakuinua upande wowote, alikuwa anaangalia viganja vyake. Waliobaki waliinua, wengine hadi usawa wa bega tu, kana kwamba nusu ya mkono ni nusu ya dhambi.

"Andika," mwenyekiti akaniambia, "kwamba katibu amejiuzulu kwa sababu za kiafya. Ni heshima kwake."

"Hajajiuzulu."

"Andika, dada."

Nikafunga kalamu. Ndipo katibu alipogeuka kuniangalia. "Andika tu," akasema. "Usijiharibie." Sikuandika. Mwalimu wa biolojia akahamia kwenye kiti changu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, na mkutano ukafungwa kwa sala.

Nje nilimkuta katibu ameketi kwenye ngazi, mkewe anamfunga kamba za viatu. Pikapu ilikuwa inapakiwa. Nikasema pole. Akasema, "Watu wa ziwani hawajanikimbia, unajua? Bibi asiyejua kusoma ananiletea uji, anakaa, ananilisha. Nimekuja kukimbiwa na wanaojua." Halafu akataka kujua kama nimepata ile darubini mpya tuliyoahidiwa na hospitali. Nikamwambia bado. Akasema nisichoke kuidai.

Alifariki kabla baridi haijaisha. Habari ilinifikia kwa dereva wa dawa, nikaomba ruhusa nikateremka na muuguzi wa Kingerikiti. Pale Lundo hapakuwa na pa kukanyaga. Wavuvi hawakuingia majini siku hiyo. Wanawake ambao aliwazalisha walipika, watoto ambao aliwapa dawa ya kichocho walibeba maji. Wa chama tulikuwa wawili, na hata mimi nilikuwa nimeshaandika barua ya kujitoa. Mwenyekiti alileta rambirambi kwa mkono wa dereva. Padri aliisoma kaburini: kutoka kwangu na familia yangu. Chama hakikutajwa. Kwa mujibu wa katiba marehemu hakuwa mwanachama, na mwenyekiti hakuwahi kuivunja katiba.

Wageni walikuja. Walikuwa wamekuja kuuliza habari za UKIMWI, kumbe. Ndio uliokuwa na fedha wakati huo, kipindupindu chetu hakikuwavutia. Mradi ukaanzishwa, ofisi ikapakwa rangi, kibao kikasimikwa barabarani, pikipiki zikaonekana. Katiba ikafanyiwa marekebisho, wakaingiza ibara ndefu inayokataza unyanyapaa wa aina yoyote. Niliisoma. Kiswahili chake kilikuwa kibovu.

Siku ya kuzindua mradi walimwalika mjane. Alipanda akafikia kwangu, akatandika kanga kitandani akaipiga pasi, kisha akaniuliza, "Dada, niende?"

Nikamwambia kama ni mimi nisingekanyaga.

"Ndiyo, wewe," akasema, bila ukali. "Wewe uligombana nao ukarudi kazini. Mimi nina watoto, na damu yangu unaijua."

Naijua, nami ndiye niliyempima. Akaenda. Mimi nikakaa nyuma kabisa ya umati, kwa sababu wafanyakazi wa hospitali tulilazimishwa kuhudhuria. Mwenyekiti alihutubia. Alimtaja marehemu katibu wetu, mwasisi, shujaa aliyejitokeza hadharani kuutangaza ugonjwa wake mbele ya wanasayansi wenzake, wa kwanza katika wilaya nzima. Sauti ilimkatika, akatoa kitambaa. Sidhani kama alikuwa anaigiza. Hilo ndilo ninaloshindwa kumeza hadi leo, kwamba machozi yalikuwa ya kweli. Mjane aliwasha mshumaa akashangiliwa. Alikaa meza ya mbele na kulishwa wali na nyama, na hakuna aliyesogeza kiti, maana wageni walikuwa wanapiga picha.

Miaka ilipita, dawa za kurefusha maisha zikaanza kufika mikoani kwetu. Mradi ule ule ndio uliomwandikisha mjane mapema, kabla hajaanguka. Wangemsahau asingefika. Wale niliowachukia ndio waliomwokoa mama wa watoto wake, na amewaona wajukuu. Nimejaribu kulipanga jambo hili kichwani likae vizuri, halikai.

Mwenyekiti alistaafu, ana duka la dawa mjini. Tunasali kanisa moja. Padri akisema tutakiane amani, na yeye akiwa benchi la mbele yangu, anageuka na kunipa mkono, laini, wenye joto, na ule upole wake. Naupokea. Sina pengine pa kuuweka wangu.

Mwaka jana niliteremka Lundo kumwona mjane. Sasa amezeeka, lakini anatembea, anaanika mwenyewe usipa, dagaa wale wa ziwani, kwenye kichanja mbele ya nyumba. Tulizungumza habari za watoto, bei ya mahindi, mguu wangu unaoniuma nikipanda ngazi. Wakati wa kumeza dawa ulipofika alimeza bila maji, akaendelea kuzungumza. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kumuuliza: mumewe alisema nini siku ile kwenye gari, wakirudi.

"Hakusema," akasema. "Alilala begani kwangu mpaka Tingi. Alipoamka alitapika, akamwomba dereva radhi kwa kuchafua gari."

Akainuka kuwafukuza kuku kwenye usipa.